Laana, Kafara na Ndagu: Msamiati wa Usimulizi wa Filamu za Safari na Maajabu katika Ukanda wa Dhahabu wa Bulyanhulu na Geita

Ikisiri

Filamu za kigeni zinazochanganya safari za hatari na nguvu zisizo za kawaida huwafikia watazamaji wengi wa Tanzania kupitia sauti ya msimuliaji wa Kiswahili. Makala haya yanaeleza namna machaguo ya msamiati ya msimuliaji huyo yanavyoweza kubadili mantiki ya kisa, hasa pale kisa kinapohusu dhahabu na kinapotazamwa katika eneo ambalo dhahabu ni riziki ya kila siku. Maneno yanayochunguzwa ni laana, kafara, ndagu na msukule. Hoja kuu ni kwamba filamu nyingi za utanzu huu huiweka damu upande wa kurudisha mali iliyoibwa, ilhali matumizi ya sasa ya neno kafara huiweka damu upande wa kupata mali. Katika ukanda ambao imani ya dawa za utajiri imegharimu maisha ya watu wenye ualbino, tofauti hiyo ya kimaana ina uzito unaovuka mipaka ya uhakiki wa filamu.

Istilahi za msingi: filamu za safari na maajabu, usimulizi wa filamu, kafara, ndagu, msukule, Usukuma

1.0 Utangulizi

Bulyanhulu ni mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi uliopo Msalala, mkoani Shinyanga. Uzalishaji wake mkubwa ulianza mwaka 2001, miaka mitano baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa katika eneo hilo mwaka 1996. Kuondolewa kwao hakukumaliza uchimbaji mdogo. Kuanzia vijiji vinavyouzunguka mgodi huo, kupitia Kahama, hadi Nyarugusu mkoani Geita, wachimbaji wameendelea kushuka katika maduara, kusaga mawe kwa karasha na kuosha mchanga kwenye mialo. Maneno hayo, duara, karasha na mwalo, yanaonesha kwamba kazi hii imejijengea msamiati wake ndani ya Kiswahili.

Makazi ya wachimbaji nchini yana starehe zake, na miongoni mwake ni kibanda umiza, yaani banda la kuonesha video kwa kiingilio kidogo. Filamu inayooneshwa humo mara nyingi ni ya kigeni, lakini sauti inayotawala ni ya msimuliaji anayezungumza Kiswahili juu ya mazungumzo ya awali. Miongoni mwa filamu zinazosimuliwa kwa namna hii ni zile ambazo makala haya yanaziita filamu za safari na maajabu: mashujaa husafiri kwenda mahali pa hatari kutafuta kitu cha thamani, na njiani hukutana na nguvu ambazo kanuni za maumbile hazizielezi.

Utafiti wa filamu za Kiswahili umeshughulikia zaidi filamu zilizotengenezwa nchini. Claudia Böhme, kwa mfano, amechunguza filamu za kutisha za Mussa Banzi, zikiwemo Nsyuka na Shumileta, na kuonesha zilivyochota kwa pamoja kutoka katika masimulizi ya jadi na filamu za Nigeria. Makala haya yanaelekea upande mwingine: filamu iliyotoka mbali inapopewa maneno ya Kiswahili, maneno hayo huleta nini ambacho hakikuwamo?

2.0 Utanzu na usuli wake

Tzvetan Todorov, katika kazi yake ya mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kimaajabu, aliiweka sifa ya utanzu huo katika kusitasita. Msomaji hubaki katikati ya maelezo mawili: ama tukio lina sababu ya kawaida iliyofichika, ama ulimwengu wa kisa una kanuni tofauti na zetu. Akichagua la kwanza, maajabu huisha. Akichagua la pili, huyakubali kama maajabu.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano ya njia zote mbili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mauaji yanayotokea penye mzimu yanaelekea kuhusishwa na nguvu za mahali hapo, lakini uchunguzi wa Bwana Msa unaonesha kuwa nyuma yake yupo mtu mwenye nia yake. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), anafuata njia ya pili. Ndugu wawili waliojaa husuda wanageuzwa manyani kwa uwezo wa jini, na msomaji haombwi kutilia shaka jambo hilo. Anaombwa kuangalia uadilifu wa adhabu yenyewe. Hapa maajabu ni mkono wa haki: mwenye kijicho anashushwa, na mwema anarudishiwa alichonyang'anywa.

Usukuma nao una kisa chake cha safari na maajabu. Zimwi Shing'weng'we linawameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua, anauliza watu wamekwenda wapi, kisha anaanza kuwinda. Kila anapoua kiumbe humwuliza mama kama hicho ndicho Shing'weng'we, na kila mara anaambiwa sicho. Hatimaye analiua zimwi na kulipasua, na waliomezwa wanatoka. Katika baadhi ya masimulizi, kisu kinamkata sikio mwanamke mzee aliyekuwa tumboni, naye anamkasirikia mwokozi wake. Mambo mawili katika kisa hiki yana umuhimu kwa mjadala wetu. Kwanza, kinachotafutwa si mali bali ni watu. Pili, hata ukombozi una majeruhi wake, na shujaa hawezi kuyapuuza maumivu aliyoyasababisha.

Usuli wa tatu ulikuja kwa tafsiri. Riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 kuhusu migodi ya Mfalme Suleimani ilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani na kuchapishwa mwaka 1929. Filamu yake ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki, ikiwemo Tanganyika. Neno mashimo lilifaa kwa wakati ule. Leo mgodi ni wa kampuni, na shimo la mchimbaji mdogo ni duara. Katika riwaya hiyo, maajabu yamegawanywa kwa rangi ya ngozi. Wageni wanajua kwamba kupatwa kunatabirika kwa almanaka, lakini wanakutumia kuwaaminisha wenyeji kuwa wana uwezo wa kimiujiza. Gagool, mwanamke mzee mwenye kuogopwa, anakufa akiwa amebanwa na mlango wa jiwe wa chumba cha hazina. Wageni wanatoka na almasi walizozitia mifukoni. Hazina hiyo haina mwenyewe wala haina sharti. Hapo ndipo filamu nyingi za baadaye zinapoachana na Haggard, kwa kuwa zinaipa hazina mwenyewe na kuiwekea laana.

3.0 Msimuliaji na banda la video

Usimulizi wa filamu ni sanaa inayofahamika Afrika Mashariki yote. Uganda imekuwa nayo kwa miongo kadhaa, na Kenya ina wasimuliaji wenye mashabiki wengi. Kwa Tanzania, jina lililotangulia ni la Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliifananisha katika kichwa cha makala yake na kuugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo unaeleza mambo mawili kwa pamoja: punje za mchele zimebaki zilezile, lakini anayekula hawezi kusema amekula wali mtupu.

Msimuliaji hufanya kazi chini ya vikwazo ambavyo mfasiri wa kitabu hana. Muda wake ni ule wa picha. Mhusika akitamka sentensi tatu kwa haraka, msimuliaji ana nafasi ya sentensi moja, pengine neno moja. Tanbihi hana, na kurudi nyuma hawezi. Kwa hiyo huhitaji maneno mafupi yenye mzigo mkubwa, maneno ambayo mtazamaji atayaelewa kabla picha haijabadilika. Maneno ya namna hiyo huwa tayari yana historia ndefu katika jamii, na historia hiyo huingia ndani ya kisa bila kubisha hodi. Sehemu zinazofuata zinaonesha hali hiyo kwa kutumia filamu mbili zinazojulikana sana.

4.0 Laana, kafara na mwelekeo wa damu

Filamu ya kwanza katika mfululizo wa Pirates of the Caribbean ilitoka mwaka 2003. Kiini chake ni vipande 882 vya dhahabu ya Waazteki. Maharamia walioiiba na kuitumia hawafi wala hawaishi: chakula hakina ladha kinywani mwao, na mbalamwezi huwafichua kuwa mifupa mitupu. Njia ya kutoka ni moja. Kila kipande kirudishwe sandukuni, na kila aliyeshiriki katika wizi atoe damu yake. Mmoja wao hayupo, hivyo inatafutwa damu ya mtoto wake.

Msimuliaji wa Kiswahili ana neno lililo tayari kwa hali ya maharamia hao: laana. Neno hili halileti tatizo. Katika Kiswahili laana hutoka kwa mwenye haki aliyedhulumiwa, awe mzazi, mzee au Mungu, na humwandama mkosaji. Mantiki ya filamu na mantiki ya neno zinakwenda pamoja.

Ugumu unaanza kwenye damu. Neno linalokuja kwa wepesi zaidi ni kafara, na neno hili limepita katika mabadiliko makubwa ya maana. Asili yake ni Kiarabu, ambako linahusu malipo ya kufidia kosa. Katika matumizi ya pwani lilimaanisha sadaka inayotolewa ili kuondoa balaa. Katika maana zote mbili, kafara hutazama nyuma: kuna kosa au balaa lililotangulia, na kitu kinatolewa ili kulifuta. Katika mazungumzo ya sasa ya Tanzania, hata hivyo, mtu anayesemwa kuwa ametoa kafara ni yule anayeshukiwa kumtoa ndugu yake ili biashara yake inawiri. Kafara hii hutazama mbele. Hakuna kosa linalofutwa. Kosa ndilo linalotendwa, kwa matarajio ya faida.

Kwa hiyo msimuliaji akisema kwamba maharamia wanatafuta mtu wa kutoa kafara, amesema kweli kwa maana ya zamani, lakini huenda akasikika kwa maana ya sasa. Mtazamaji anayemwona kijana akiburutwa kuelekea kwenye sanduku la dhahabu anaweza kuelewa kwamba damu yake italeta dhahabu. Filamu inasema kinyume: damu inatolewa ili dhahabu iondoke. Jambo linalozidisha utata ni kwamba damu inayotafutwa ni ya mtoto kwa niaba ya baba, na visa vya kafara ya utajiri navyo mara nyingi humtaja mtoto au ndugu wa damu. Mfanano wa nje unaficha tofauti ya ndani.

Neno ndagu linaisogeza maana mbali zaidi. Katika Kiswahili kinachozungumzwa Kanda ya Ziwa, ndagu ni dawa ya utajiri inayokwenda na masharti. Mwenye nayo huambiwa asifanye jambo fulani, au atoe kitu fulani kila baada ya muda. Akikiuka, mali humpotea au madhara humrudia. Neno sharti, ambalo ni mhimili wa dhana hii, lina sura mbili katika Kiswahili. Kama nomino ni kipengele cha makubaliano. Kama kielezi ni ulazima usiokwepeka. Ndagu inazishika zote mbili: ni mkataba, na ni mkataba usio na mlango wa kutokea. Dhahabu ya maharamia ikiitwa dhahabu ya ndagu, mtazamaji ataelewa haraka sana, lakini atakachoelewa ni kisa kingine. Maharamia hawakuingia mkataba na yeyote. Waliiba.

Yapo machaguo yanayoihifadhi mantiki ya filamu bila kuongeza muda. Sentensi kama “kila kipande kirudi, na kila mwizi alipe kwa damu yake mwenyewe” haina neno la kiistilahi hata moja, na inaweza kutamkwa katika muda uleule. Maneno mwizi, kirudi na yake mwenyewe yanatosha kuonesha damu inaelekea wapi na inatoka kwa nani.

5.0 Msukule na mfu asiye na bwana

The Mummy, filamu ya Stephen Sommers ya mwaka 1999, inawapeleka mashujaa wake Hamunaptra, mji wa wafu wa Misri unaosemekana kuficha utajiri. Kasha linafunguliwa, kuhani Imhotep aliyezikwa akiwa hai anaamka, na waliolifungua kasha wanawindwa mmoja baada ya mwingine hadi mwili wake unapokamilika.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa viumbe wasio hai kikamilifu. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali inapoheshimiwa. Mzuka ni kitu kinachotokea ghafla na kutisha. Jini hakuwa binadamu kamwe. Msukule ni mtu anayedhaniwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi, akanyang'anywa kauli na akili, na kutumikishwa. Kwa sababu ya sura ya Imhotep anapoamka, neno msukule linaweza kuonekana kuwa ndilo linalofaa.

Hata hivyo, msukule kimsingi ni dhana ya kazi. Jambo la kutisha katika visa vya misukule si kwamba mfu anatembea. Ni kwamba mfu analima shamba la mtu mwingine usiku, bila ujira na bila uwezo wa kulalamika. Dhana hiyo hueleza kwa nini jirani mmoja ana mavuno mengi kuliko nguvu kazi inayoonekana nyumbani kwake. Imhotep hamtumikii mtu. Yeye ndiye anayewatumikisha wengine, wakiwemo wakazi wa Cairo wanaotembea kama waliopotewa na fahamu. Kwa hiyo, kama neno msukule linafaa popote katika filamu hii, linawafaa hao na siyo yeye. Msimuliaji anayeligawa neno hivyo anawapa watazamaji wake, ambao wengi wao huishi kwa nguvu za mikono, njia ya kuisoma filamu kama kisa cha nani anamfanyia nani kazi.

6.0 Uzito wa neno katika ukanda wa dhahabu

Inaweza kudaiwa kwamba tofauti hizi ni za kamusi tu, na kwamba mtazamaji wa kibanda umiza anajua fika kuwa filamu ni filamu. Dai hilo lina ukweli wake. Lakini maneno kafara na ndagu hayaishi ndani ya filamu pekee. Kuanzia takriban mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ilishuhudia mfululizo wa mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilisadikiwa kuleta bahati. Deborah Fahy Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, waliyahusisha mauaji hayo na mazingira ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambako jitihada na mapato havilingani na ambako waganga huuza maelezo ya tofauti hiyo. Januari 2009 serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino. Kabla ya hapo, kazi za Simeon Mesaki zilikuwa zimeeleza mauaji ya muda mrefu ya wanawake wazee Usukumani waliotuhumiwa uchawi.

Haitakuwa haki kuzitupia filamu lawama ya mauaji hayo, na makala haya hayafanyi hivyo. Hoja ni finyu zaidi, nayo ni ya kiisimu. Usemi unaosema kwamba damu ya mtu huleta dhahabu hupata nguvu kila unaporudiwa bila kupingwa, na kisa kilichotungwa kuupinga kinaweza kugeuzwa kuwa mfano mwingine wa kuuthibitisha kwa neno moja tu. Kwa kipimo cha Todorov, mtazamaji wa mbali husitasita kati ya sababu ya kawaida na maajabu, kisha anatoka nje na kusahau. Kwa mtu ambaye wiki nzima duara lake halijatoa kitu huku la jirani likitoa, maajabu ni maelezo yanayoshindana na maelezo mengine kuhusu mkondo wa mwamba, mtaji na mgawo wa viroba vya mawe.

Ukanda huuhuu una visa vya safari za hatari visivyohitaji maajabu. Mwaka 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa maji yaliyopenya mwambani na wadudu waliowaokota gizani. Muundo wa tukio hilo ni ule wa Masala Kulangwa: ardhi imemeza watu, na ushujaa umo katika kuwatoa.

7.0 Anayetafutwa kuwa shujaa

Filamu moja ya Kiswahili inaonesha kinachotokea mtazamo unapogeuzwa. White Shadow (2013) ya Noaz Deshe inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino ambaye, baada ya baba yake kuuawa, anapelekwa mjini na kuishi kwa kujihadhari. Vipengele vya utanzu vipo vyote: safari, hatari, kitu cha thamani kinachotafutwa, na imani katika nguvu za dawa. Lakini kitu hicho cha thamani ni mwili wa mhusika mkuu. Anayeitwa mtafutaji katika filamu nyingine, hapa ni mwuaji.

Mgeuzo huu unatoa kipimo kinachoweza kutumika kwa filamu yoyote ya safari na maajabu. Mhakiki, kama ilivyo kwa msimuliaji, anaweza kuuliza maswali matatu: hazina ni ya nani kabla haijachukuliwa, damu inatolewa na nani, na damu hiyo inaifanya mali ije au iondoke? Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani swali la kwanza halijibiwi kwa uzito, na ndiyo maana wageni wanaondoka bila deni. Katika Pirates of the Caribbean yote matatu yana majibu ya wazi. Katika White Shadow majibu yanaielemea dhana nzima ya kafara ya utajiri na kuifichua kuwa ni uuaji wa kawaida uliovishwa lugha ya mkataba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba usimulizi wa filamu za safari na maajabu kwa Kiswahili ni kazi ya uteuzi wa msamiati inayogusa mantiki ya kisa. Laana inahifadhi uhusiano wa kosa na adhabu. Kafara imebeba maana mbili zinazokwenda pande tofauti, na maana ya sasa imeizidi nguvu ile ya asili. Ndagu inaugeuza wizi kuwa mkataba, na msukule unaleta suala la kazi isiyo na ujira. Kamusi zinazolieleza neno kafara kwa maana ya sadaka ya kuondoa balaa pekee zinahitaji kuingiza pia maana ya pili, kwa kuwa hiyo ndiyo inayosikika mtaani na mahakamani. Masomo ya tafsiri yanayofundishwa vyuoni, ambayo kwa kawaida hutumia vitabu na nyaraka, yangenufaika kwa kumjumuisha msimuliaji wa filamu kama mfasiri kamili, mwenye muda mfupi kuliko wafasiri wengine wote. Huko Kakola, Nyarugusu au Kahama, sentensi yake moja ndiyo inayoamua kama mtazamaji atatoka bandani akijua kwamba dhahabu ya maharamia ilipaswa kurudishwa, au akidhani kwamba ilikuwa imelipiwa.